Makumbusho ya Misheni, Bagamoyo: nyumba ya masista na namna ya kuitembelea

Ukisema Bagamoyo kwamba unaelekea Misheni, yaani misheni ya zamani ya Kikatoliki, utaulizwa kama unakwenda kuona alipolazwa Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Ndivyo wengi wanavyoijua. Wanafika, wanaoneshwa mnara, wanapiga picha chini yake, wanapita vyumba vya makumbusho kwa dakika ishirini, wanarudi garini. Kwa mwendo huo kiingilio hakijalipa. Livingstone alikaa pale usiku mmoja, tena akiwa maiti. Watoto waliokombolewa utumwani walikaa miaka: walilelewa pale, wakafundishwa kazi, wakaozwa. Nyumba yenye makumbusho, iliyojengwa mwaka 1876, ilikuwa ya masista waliowalea wasichana. Anayeingia akilijua hilo huona vitu ambavyo anayemtafuta mzungu mmoja hupita kando yake.

Tathmini kwa ufupi: kama una siku moja tu Bagamoyo, anza hapa. Magofu ya Kaole yana umri mkubwa zaidi, na Ngome Kongwe iko karibu zaidi na mitaa ya Mji Mkongwe, ila hapa ndipo majengo, makaburi, miti na vielelezo vya zama moja vinapokaa katika kiwanja kimoja. Wageni huangushwa na saa ya kufika, na upande wa kuanzia, na tabia ya kusikiliza hadithi bila kuuliza. Yote matatu yanarekebishika bila gharama.

Kufika kwanza. Bagamoyo iko kaskazini mwa Dar es Salaam, kilomita kati ya 65 na 70 kwa barabara ya lami inayopita Tegeta, Bunju na Mapinga. Magari ya abiria hupatikana stendi ya Makumbusho jijini Dar es Salaam, kwa hiyo unaweza kusema unatoka Makumbusho kwenda makumbusho. Ukikosa gari la moja kwa moja, panda la Bunju na kuunganisha. Muda unategemea foleni kuliko umbali: kipande cha Mwenge hadi Bunju ndicho kinachokula saa. Ukiondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi unaweza kufika kwa saa moja na nusu. Ukiondoka saa mbili, hesabu saa mbili na nusu na usilalamike.

Ukishuka stendi ya Bagamoyo, chukua bajaji au bodaboda na useme "Misheni". Usiseme "makumbusho" peke yake. Mji huu una sehemu kadhaa za kumbukumbu, na dereva asiyekujua anaweza kukushusha Karavanserai, kituo cha zamani cha misafara, au Ngome Kongwe, kisha ukalipa nauli ya pili. Patana bei kabla ya kupanda. Anayependa kutembea anaweza kwenda kwa miguu, kwa sharti kwamba jua halijapanda na amevaa viatu vya kufunika vidole, maana kandokando kuna mchanga na, wakati wa mvua, matope.

Fika saa mbili asubuhi ukaanze na vya nje. Wengi hufanya kinyume: wanafika saa tano, wanaingia ndani kwanza kwa sababu ndiko kwenye dawati la malipo, wanatoka saa sita na nusu jua likiwa utosini, halafu makaburi na mbuyu wanavitazama kutoka kivulini kwa mbali. Ripoti kwa mapokezi, lipa, kisha omba uanze na kiwanja. Hakuna atakayekukatalia. Vyumba vya ndani vihifadhi kwa saa nne hadi saa sita, wakati kuta nene zinapokuwa msaada wa kweli.

Hapa ni parokia inayoishi. Jumapili asubuhi kuna ibada, na mtu anayezungukazunguka na kamera wakati wa misa anajitia aibu mwenyewe. Siku nyingine pia kunaweza kuwa na harusi au mazishi. Nguo ziwe za heshima, magoti na mabega yafunikwe. Khanga moja begani inatosha kwa mama aliyekuja na nguo ya ufukweni.

Sehemu ya mwanzo ni njia ya miembe, iliyopandwa mwaka 1871. Itembee yote, hata kama bajaji inaweza kukufikisha ndani. Upande wa bahari kuna msalaba ufukweni unaokumbusha kufika kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ufukwe wa Bagamoyo una mteremko mdogo mno: maji yakipwa yanaondoka mbali, na jahazi linabaki limelala ubavu. Ndiyo sababu meli kubwa hazikuweza kusogea, na ndiyo sababu vyombo vya Unguja, vinavyokubali kukalia mchanga, viliufaa mji huu. Ukitaka kuelewa kwa nini baadaye Mjerumani alihamishia makao makuu ya utawala Dar es Salaam, mwaka 1891, tazama pwani hii maji yakiwa yamekupwa. Dar ina bandari yenye kina. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti huonekana vizuri zaidi. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, hayakuoneshi kitu.

Mbuyu uliopandwa na Padri Antoine Horner mwaka 1868 uko ndani ya kiwanja, na unatembelewa kwa sababu ya mnyororo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1895 mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa, Madame Chevalier, alimfunga punda wake hapo kwa mnyororo. Mnyororo ukaachwa na mti ukaumeza. Kilichobaki kuonekana ni kipande kidogo tu. Watoto huuliza kama mti ulikuwa na mdomo, na jibu zuri lipo. Mti hunenepa kwa kuongeza tabaka jipya chini ya gome kila mwaka, na chuma hakisogei. Gome likikutana na kizuizi linavimba pande zote mbili hadi kingo zinakutana juu yake. Mbuyu una ustadi wa pekee wa kufunika jeraha, na ndiyo maana jina unalolichonga kwa kisu leo halitafutika. Litavimba na kukaa hapo wajukuu wako waje kulisoma. Usichonge. Usivute mnyororo. Usimpandishe mtoto kwenye mizizi kwa ajili ya picha, kwa sababu mizizi ya juu ndiyo inayopata michubuko mingi.

Makaburini watu hupita haraka, na ni kosa. Fanya jambo moja: simama mbele ya makaburi matano ya mapadre, mabruda au masista wa mwanzo, soma mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, utoe mmoja kwa mwingine upate umri. Utashangaa wangapi walikuwa vijana. Walikufa zaidi kwa homa, na walikuwa hawajui inatoka wapi. Uthibitisho kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria ulipatikana mwaka 1897, karibu miaka thelathini baada ya misheni kuanza. Walilala madirisha wazi wakitafuta upepo wa bahari, na mbu wakaingia na upepo. Ukitoka hapo, vitu vya ndani ya makumbusho vinaacha kuwa vya watu waliojua walichokuwa wakifanya.

Mnara sasa. Ni wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, na umepewa jina la Livingstone. Mwili wake ulifikishwa tarehe 24 Februari 1874, ukalala hapo, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Hayo yanasimuliwa na kila mtu. Swali la kumuuliza mwongozaji ni nani aliyeubeba. Livingstone alifariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wapatao sitini, wakiongozwa na wahudumu wake Chuma na Susi, wakiwa pia na Jacob Wainwright aliyejua kuandika, waliutoa moyo na matumbo na kuyazika chini ya mti, wakaupaka mwili chumvi, wakaukausha juani kama wiki mbili, wakauviringa katika kitambaa na gamba la mti, wakaufunga kwenye mti wa kubebea na kuushonea turubai juu yake. Halafu wakatembea. Zaidi ya kilomita 1,600, kwa miezi, kupitia vijiji ambavyo vingi havikutaka maiti ipite. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili hadi Uingereza kwa mazishi. Mnara haukupewa jina la yeyote kati yao. Mwongozaji mzuri huyasema haya bila kuulizwa, na hapo ndipo utakapojua umepata wa namna gani.

Sasa ingia nyumba ya masista.

Masista wa mwanzo wa Bagamoyo walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa kisiwa cha Réunion mwaka 1849. Tarehe hiyo ina uzito: utumwa ulifutwa Réunion Desemba 1848. Shirika lilizaliwa miezi michache baadaye, likipokea wanawake weusi na weupe, baadhi yao waliotoka utumwani wenyewe. Kwa hiyo usidhani kila sista aliyemlea msichana aliyekombolewa alikuwa Mzungu aliyekuja kutazama shida ya wengine. Ukifika mbele ya picha za masista, tazama sura kabla hujasoma maandishi.

Vyumbani kuna picha za zamani, nyaraka, minyororo na pingu, vitu vya safari za bara, vya wamisionari, vya enzi ya Mjerumani na vya maisha ya watu wa pwani. Usijaribu kusoma kila kitu. Saa moja inatosha kama utachagua, na vya kuchagua ni vitatu: picha, minyororo, na mambo ya misafara.

Picha za misheni hazikupigwa kwa ajili yetu. Nyingi za aina hii zilitengenezwa ili zipelekwe Ulaya, kwa watu waliokuwa wakichangia fedha. Ndiyo maana watoto wamepangwa mistari, nguo nyeupe, mikono imetulia, kila mmoja na chombo cha kazi yake. Kamera za wakati ule zilihitaji mtu asitikisike, kwa hiyo uso uliokaza haumaanishi huzuni moja kwa moja. Tazama miguu. Tazama nani amevaa viatu na nani hana. Tazama mtoto aliyeyumba na kutoka na sura ya ukungu; yule ndiye aliyekuwa mtoto siku hiyo.

Maisha yaliyo nyuma ya picha hizo yalikuwa na pande mbili, na makumbusho yoyote ya misheni huwa na kishawishi cha kuonesha mmoja. Watoto walipata chakula, hifadhi, kusoma, useremala, ufundi chuma, kilimo. Walipokua waliozwa na kuwekwa katika kijiji cha Wakristo, kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Hata hivyo, ratiba ilikuwa ya kengele, kazi ya shamba ilikuwa nyingi, na aliyeitwa huru hakuwa huru kuondoka atakavyo, wapo waliotoroka. Kulisema hilo hakuwatukani waliozikwa pale nje wakiwa na miaka ishirini na kitu. Ukiona mwongozaji anakwepa, uliza kwa upole: "Mtoto akikataa kuozwa ilikuwaje?" Mazungumzo yatabadilika.

Minyororo inahitaji uangalifu zaidi. Mgeni akiona chuma Bagamoyo, tayari ameshaona mtumwa. Lakini wakati wa utawala wa Mjerumani wafungwa nao walifungwa minyororo shingoni na kutolewa kazi barabarani, na vyuma vya zama hizo vinafanana na vya zamani kwa macho ya mtu asiye fundi. Basi mbele ya kila mnyororo, hapa au popote mjini, uliza: ulipatikana wapi, ni wa miaka gani, nani alifungwa nao. Kama jibu ni "wa watumwa" bila zaidi, chukua kwa tahadhari. Chuma chenyewe kina shida yake. Chumvi ya hewa ya bahari huingia kwenye vitundu vya chuma na kuendelea kukila hata ndani ya nyumba, na kila mkono unaogusa huongeza jasho, ambalo nalo lina chumvi. Mzazi anayemvalisha mtoto pingu apige picha anakula urithi wa mtoto huyohuyo.

Kwenye misafara ndiko wataalamu na waongozaji wa mitaani wanakotofautiana zaidi. Hadithi ya kawaida ni kwamba Bagamoyo ilikuwa mlango mkuu wa watumwa na kwamba jina lake linatokana na "bwaga moyo", yaani uache moyo wako hapa maana hurudi tena. Watumwa walipita, hilo halina ubishi. Ila mji huu uliishi kwa pembe za ndovu. Biashara kubwa ya watumwa ya pwani hii ilipitia zaidi Kilwa Kivinje. Waliojaa njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliokuwa wakilipwa. Mzigo wa mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu: kwenda bara ilikuwa merikani (kitambaa cha pamba), shanga na waya za shaba, kurudi ilikuwa pembe. Kwa mpagazi aliyetembea miezi mitatu, "bwaga moyo" ilikuwa na maana ya kuutua moyo na mzigo pamoja, umefika, pumzika. Maana zote mbili zinasimuliwa. Anayekupa moja tu amekuuzia nusu.

Tarehe za kushika akilini ukiwa ndani ni chache. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini; mkataba ulifika miaka mitano baada ya misheni kuanza, kwa hiyo watoto waliofika masoko yakiwa wazi na waliofika baada ya kufungwa hawakupatikana kwa njia moja. Mwaka 1888 hadi 1889 ni vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, wakati raia wengi walipokimbilia kiwanja cha misheni. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Na kuanzia 2006 njia hii ya biashara ya watumwa na pembe imo katika orodha ya awali ya UNESCO. Orodha ya awali, tafadhali. Mtu akikuambia Bagamoyo tayari ni Urithi wa Dunia, amekimbia mbele ya gari.

Kuhusu mwongozaji: chukua anayetambuliwa na makumbusho yenyewe, na kubaliana malipo kabla ya hatua ya kwanza. Anayekufuata kutoka stendi anaweza kuwa mcheshi na kuujua mji, lakini ndani ya nyumba hii utahitaji mtu anayeweza kusema "hili halijulikani". Mwambie mwanzoni una muda gani. Wengi wana hotuba ya dakika arobaini waliyoikariri, na ukimkatiza katikati anapotea. Ni bora umwombe tangu mwanzo aache habari za wasafiri wa Kizungu na kukaa zaidi kwa watoto na masista.

Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni tofauti katika sehemu nyingi za kihistoria, kwa hiyo beba kitambulisho, hasa kama una lafudhi au sura itakayoleta maswali. Beba pia noti ndogo. Kukosa chenji asubuhi ni jambo la kawaida popote. Dai risiti. Sehemu za serikali utakazokwenda baadaye siku hiyo hulipiwa kwa namba ya malipo kupitia simu, basi hakikisha salio lipo na betri haijakata roho. Picha ndani omba ruhusa, na zima mwanga wa kamera, kwa sababu karatasi na picha za zamani hufifia kwa mwanga, na kilichofifia hakirudi.

Walimu wanaoleta wanafunzi ndio wanaofaidika kuliko wote, na ndio wanaokosea zaidi. Andika barua au piga simu wiki moja kabla. Gawa watoto katika makundi ya 12 hadi 15. Darasa zima la 45 likiingia kwa pamoja, wa mbele wanaona na wa nyuma wanasukumana. Kundi moja liwe ndani kwa dakika 25, la pili makaburini wakifanya hesabu za kutoa, la tatu kwenye mbuyu wakichora. Kisha wazunguke. Mpe kila mtoto maswali manne tu, mawili kati yake yasiwe na jibu ubaoni. Maji ya kunywa yaje na basi, nusu lita kwa kila mtoto haitoshi kuanzia Novemba hadi Machi. Na usipange Misheni, Kaole na ufukweni kwa siku moja. Watoto watakachokumbuka kitakuwa ufukwe.

Msimu unaofaa ni Juni hadi Septemba, kusi ikiwa imepoza hewa. Aprili na Mei mvua za masika hulowesha kila kitu, na unyevu huo ndio adui wa nyumba zenyewe. Nyumba za zamani za Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa ya kuchomwa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyopima chumba: kwa kawaida haivuki mita tatu, ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena. Fundi wa leo akipaka saruji juu yake, maji hunaswa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta yote inabanduka na sura ya jiwe, huku boriti zikioza zilipoingia ukutani. Ukipita mitaa ya Mji Mkongwe mchana huo utaona mifano kila baada ya nyumba chache. Gonga kwa kidole: sauti ya utupu maana yake saruji imeshaachana na ukuta.

Ukimaliza Misheni saa sita, Ngome Kongwe inatosha kwa dakika arobaini. Kaole, kilomita tano kusini, inahitaji saa moja na nusu na bajaji inayokubali kusubiri. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya tangu enzi za Washirazi, na kivuli ni kichache. Wanaotafuta habari za wasanii waelekee TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, na waulize kama kuna mazoezi au onyesho siku hiyo. Hukwe Zawose, bingwa wa ala za muziki za ilimba na zeze kutoka Ugogoni, aliishi mji huu hadi alipofariki Desemba 2003, na muziki huo bado unasikika Bagamoyo, jambo ambalo kabati la kioo haliwezi kukupa.

Chakula cha mchana kipo karibu na soko la samaki: samaki wa kukaanga, pweza, kamba wakipatikana, ugali au wali wa mama lishe. Chagua samaki kabla hajakaangwa, macho yakiwa angavu na mashavu mekundu, na taja bei kwa sauti ili jirani asikie.

Ondoka Bagamoyo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo foleni ya Bunju itakukuta. Kama unachagua siti, kaa kushoto. Asubuhi unapanda kaskazini jua likiwa kulia kwako, jioni unashuka kusini nalo limeshahamia magharibi, kulia tena. Kivuli cha kwenda na cha kurudi ni upande uleule.